UZI: Nyuma ya I Am Legend ya Will Smith kuna mwandishi anaitwa Richard Matheson, tuongee maisha ya watu wanaoandika muvi za kutisha

Mleta uzi:
Wakuu salaam. Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu sana, leo Jumapili mvua inanyesha huku Mbagala na njia ya mtaani kwetu haipitiki, simu imejaa chaji, ngoja niushushe wote.

Wengi humu mmeiona I Am Legend ya 2007, Will Smith yuko New York peke yake na mbwa wake, mchana anazunguka usiku anajifungia ndani. Mimi niliiona kibanda umiza Manzese kwa shilingi 200, imetafsiriwa na dj, tumebanana kwenye mabenchi mpaka jasho la jirani unalijua harufu yake. Tunatoka pale kila mtu anamsifia Will Smith, dj naye anasifiwa, hakuna hata mmoja aliyeuliza hii stori imetoka kichwani kwa nani. Nilikuja kujua miaka mingi baadae nilipoanza kuandika skripti mwenyewe, na nilipojua nilikaa kimya kama dakika nzima, maana stori ile ni ya mwaka 1954! Ni kitabu, kimeandikwa na jamaa wa miaka 28 anaitwa Richard Matheson, kazaliwa 1926 New Jersey, wazazi wake wahamiaji kutoka Norway, kakulia Brooklyn, kapigana vita ya pili ya dunia, kasoma uandishi wa habari chuo kikuu cha Missouri, halafu akahamia California kutafuta maisha.

Wazo lenyewe alilipata bado kijana, alienda kuangalia Dracula akajiuliza swali moja tu, kama mnyonya damu mmoja anatisha hivi, je dunia nzima ikiwa wanyonya damu na mzima umebaki wewe tu? Basi. Swali moja la mtoto wa shule limezaa muvi tatu, ya 1964, ya 1971 na hiyo ya 2007 ambayo iliingiza zaidi ya dola milioni 580. Na George Romero aliyetengeneza Night of the Living Dead mwaka 1968 mwenyewe amekiri kwamba wazo alilitoa kwenye kitabu hicho hicho, kwa hiyo mazombi yote mnayoyaona leo wanatembea kwa makundi wanagonga madirisha, ukifuatilia ukoo wao unafika kwa huyu mzee.

Sasa kilichonifanya nilete uzi ni hiki. Kwenye kitabu hakuna New York wala maabara kali kama ya Will Smith. Kuna jamaa anaitwa Neville anakaa kwenye nyumba ya kawaida tu Los Angeles, kila asubuhi anazunguka nyumba anagongelea mbao zilizolegea usiku, anatundika vitunguu swaumu, anawasha jenereta. Na usiku nje ya nyumba kuna mtu anaita, "Neville, toka nje!" Huyo anayeita ni jirani yake, waliyekuwa wanapanda gari moja kwenda kazini. Soma hapo tena. Jirani. Yaani jamaa aliyekuwa anakuazima spana ndio kasimama nje saa 5 usiku anakuita jina. Mimi hiyo sauti ilinikaa kichwani kuliko mapepo yote niliyowahi kuyaona kwenye skrini, maana nilimfikiria jirani yangu mwenyewe na namna anavyoniita.

Hapo ndio nikaelewa huyu mtu alifanya nini. Kabla yake hofu ilikuwa inakaa kwenye majumba ya kale huko Ulaya, kuna popo kuna ukungu. Yeye akaipakia ikaletwa mpaka kwenye nyumba yenye friji na bili ya umeme.

Mdau wa Ubungo:
Mkuu umenigusa, hiyo muvi niliirudia kama mara nne sikuwahi kujua. Swali langu, huyo mwandishi alikula hela au ndio yale yale ya huku kwetu unaandika anatajirika mwingine?

Mleta uzi:
Mkuu swali zuri na jibu lake refu kidogo vumilia.

Alianza na magazeti ya hadithi fupi. Hadithi yake ya kwanza kubwa ilitoka 1950, fupi mno, mtoto amefungwa mnyororo chini ya nyumba na wazazi wake wa kumzaa, na anayesimulia ni huyo mtoto mwenyewe kwa lugha mbovu ya mtu ambaye hakufundishwa kuongea. Humuoni sura yake vizuri, unaona jinsi wazazi wanavyomuogopa. Kwa hadithi hiyo akajulikana. Ila hadithi za magazeti hazilipi kodi ya nyumba hata Marekani, ana mke na watoto, akafanya kazi za kawaida huku anaandika.

Akaja kuandika kitabu cha mtu anayepungua urefu kila siku. Wazo lake lilitoka sinema, kuna sini jamaa kavaa kofia ya mwenzie imemzidi ikamshuka mpaka masikioni, Matheson akajiuliza ingekuwaje kama kofia ni yake mwenyewe? Akaenda kukiandika chini kwenye basementi ya nyumba aliyopanga, na basementi hiyo hiyo ndio akaiweka kwenye kitabu, mhusika amekuwa mdogo kama sisimizi anapigana na buibui kati ya makopo na maboksi ya mwenye nyumba. Unaona ujanja? Hakwenda kutafuta mazingira mbali, aliangalia pale alipokaa akajiuliza vitu hivi vingenitishaje kama ningekuwa kadogo.

Sasa hela. Studio kubwa ya Universal ilipotaka kukinunua hicho kitabu akatoa sharti moja, kununua mnanunua ila skripti naandika mimi. Alikuwa hana jina lolote kwenye muvi wakati huo! Wakakubali, muvi ikatoka 1957 na mlango ukafunguka. Kwangu mimi hii ndio siku kubwa kwenye kazi yake yote, kuliko hata siku aliyoandika hivyo vitabu, kwa sababu angechukua hela ya kitabu akaondoka angebaki mtunzi wa vitabu aliyewahi kuuza kitabu basi. Sharti lile limempa kazi ya miaka 40 na zaidi.

Baada ya hapo akaandika episodi zaidi ya 10 za tamthilia ya tivi ya The Twilight Zone, ikiwemo ile ya 1963 abiria kakaa dirishani kwenye ndege usiku anaona kitu kiko juu ya bawa nje na hakuna anayemwamini. Akamuandikia dairekta Roger Corman muvi za hadithi za mwandishi wa kale Edgar Allan Poe, House of Usher ya 1960 ilipigwa kwa siku 15 tu na bajeti ya kubana. Wenye hela waliuliza sasa mnyama wa kutisha yuko wapi kwenye hii muvi, Corman akawajibu nyumba yenyewe ndio mnyama. Wanaosema muvi ya kutisha inataka bajeti kubwa naomba wakae na hii.

Mdau wa Temeke:
Mleta uzi heshima kwako ila mimi natofautiana na wewe kidogo, hizi stori za basementi na ndege ni za wenzetu, sisi hofu yetu ni uchawi, majini, makaburi, vibwengo. Ukimletea Mtanzania muvi ya kutisha bila mganga atakuambia hii haitishi. Na Bongo tayari tulishafanya, au umesahau ile muvi ya Nsyuka?

Mleta uzi:
Sijaisahau kaka na siwezi kuisahau. Nsyuka ya Mussa Banzi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndio ilitufungulia njia, halafu Shumileta, watu walikuwa wanaangalia kanda sebule ya jirani wamejazana hakuna anayetaka kwenda chooni peke yake. Kwanza angalia jina lenyewe, nsyuka ni neno la Kinyakyusa, marehemu aliyerudi. Banzi alichukua kitu ambacho watu tayari walikuwa wanakiogopa nyumbani kwao wanapokitaja kwa lugha yao. Huyo namheshimu na nasema wazi.

Ninacholalamikia ni waliofuata. Walichukua ngozi ya nje tu, poda nyeupe usoni, meno ya plastiki, ngoma, mganga mwenye kaniki nyekundu, moshi. Uchawi wenyewe hautishi kwa sababu ya poda bhana. Unatisha kwa sababu anayekuroga ni shangazi yako mliyekula nae pilau Idi. Ukiondoa hilo umebaki na mtu kajipaka unga.

Na tuna vitu vikubwa tumeviacha vimelala. Mumiani! Sisi tuna mnyonya damu wetu kabla hata hatujaijua Dracula na hakuna mtu anaandika.

Mzee wa Buguruni:
Vijana wangu nimesoma uzi huu wote na umenirudisha mbali. Hilo la mumiani sisi hatukusimuliwa kama hadithi, tuliambiwa kama taarifa. Mwaka 1959 hapa Buguruni kulitokea ghasia kwa sababu ya uvumi huo, wakati huo bado mkoloni, mimi nilikuwa mdogo wa kubebwa lakini nimekua mtaa mzima unalizungumza. Utotoni kwetu gari jekundu la zimamoto likipita hatukuwa tunashangilia kama watoto wa siku hizi, tulikuwa tunakimbilia chini ya vitanda, kwa sababu ilisemwa watu wa zimamoto ndio wanaokamata watu na kuwatoa damu. Mama yangu alikuwa anafunga mlango na kuweka kinu nyuma yake. Mpaka leo nikisikia king'ora mwili unasisimka kwanza halafu ndio akili inakuja.

Mleta uzi:
Shikamoo mzee. Asante sana, umeniongezea kitu sikuwa nacho, hicho kinu nyuma ya mlango ni sini nzima tayari.

Wakuu mmeona alichosema mzee? Mnyonya damu wetu hana makucha wala hageuki popo. Anakuja na gari la serikali, ana sare. Na hofu yenyewe haikufa imebadilisha gari tu, wajukuu zake mzee siku hizi wanaambiwa ukiona Noah nyeusi imesimama kimbia. Kutoka gari la zimamoto mpaka Noah ni miaka zaidi ya 60 na hofu ni ile ile, mtu mwenye gari anakuchukua wewe usiye na gari. Sasa niambieni hiyo si muvi?

Na hapo namrudia Matheson maana gari analo pia. Tarehe 22 Novemba 1963 alikuwa anacheza gofu na mwandishi mwenzie, zikaja habari Rais Kennedy kauawa, wakaacha mchezo wakarudi nyumbani wamevurugwa, njiani lori likawakaba kwa nyuma linawafukuza mpaka ikabidi watoke barabarani. Akaliandika wazo. Akalipeleka kwenye tivi wakamkatalia, stori haitoshi, gari na lori tu. Akakaa nalo miaka, akaja kuliandika kama hadithi ikatoka gazetini 1971, na mwaka huo huo ikapigwa muvi ya tivi ya Duel, dairekta ni kijana wa miaka 24 hana jina anaitwa Steven Spielberg. Sura ya dereva wa lori huioni kabisa, mwanzo mpaka mwisho, unaona mkono, unaona buti. Nani kati yetu hajawahi kubanwa na lori usiku barabara ya Morogoro kule Chalinze, taa zimejaa kwenye kioo hujui kalewa au anakutaka wewe? Kitu kile kile, ila sisi tukifika tunasimulia tunacheka tunalala. Yeye alikiandika siku ile na miaka 8 baadae kikawa muvi.

Dada wa Kigamboni:
Kaka mimi naandika hadithi naweka kwenye magrupu ya wasap, nina wasomaji wengi tu wanalipa buku kwa wiki. Nataka kuhamia kwenye skripti ila naogopa, kuna mwenzangu skripti yake ilichukuliwa ikabadilishwa yote. Hili wenzetu wanalikabili vipi?

Mleta uzi:
Dada yangu hili limenikuta mimi mwenyewe na bado linaniuma.

Kuna prodyuza mmoja, sitamtaja wala kampuni yake, alichukua skripti yangu ya kwanza kwa makubaliano ya laki 4, akanipa laki na nusu, iliyobaki akasema muvi ikitoka. Stori ilikuwa ya mama anayesikia mtoto wake analia chumba cha pili, na mtoto huyo yuko mgongoni mwake kambeba. Ndio ilikuwa hiyo tu, nyumba moja, usiku mmoja, watu watatu. Nikaja kuiona muvi Kariakoo kwenye meza ya muuza dvd, nimeigeuza kava nyuma jina langu halipo, nikanunua nakala kwa hela yangu nikaenda kuangalia. Kaweka mganga. Kaweka mzimu wa mke mwenza. Mtoto analia sini moja halafu kasahaulika kabisa. Nilizima katikati nikakaa uani mpaka saa 8 usiku. Laki mbili na nusu zangu sijaziona mpaka leo ila kilichoniuma kuliko hela ni yule mtoto.

Kwa Matheson ilikuwa hivi. Mwaka 1957 kampuni ya Hammer ya Uingereza ilimwita akaandike skripti ya kitabu chake cha I Am Legend, akaandika, bodi ya ukaguzi wa muvi kule ikasema hii ikipigwa tunaifungia, mradi ukafa. Skripti ikauzwa kwa watu wengine, ikaandikwa upya na wengine, ikapigwa Roma mwaka 1964, na yeye alivyoona walichofanya akaomba jina lake lisiwekwe, likaandikwa Logan Swanson, jina la kubuni. Hela yake alipata na skripti iliyofuata akaandika kama kawaida. Na mtu huyo huyo 1972 akaandika The Night Stalker, muvi ya tivi ya mwandishi wa habari anayemfukuzia mnyonya damu Las Vegas, ikavunja rekodi ya watazamaji kwa muvi za tivi za wakati ule.

Kwa hiyo dada ushauri wangu kwako. Mkataba wa maandishi kabla hujatuma hata kurasa 5, jina lako kwenye kava na mwanzoni mwa muvi viandikwe humo. Kasajili kazi COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Hizo hadithi zako za wasap usizifute hata moja, hizo ni ushahidi wako na pia ndio mtaji, maana Matheson aliyauza mawazo yake mara mbili mbili, kwanza hadithi halafu skripti, na anayekuja kununua stori ambayo tayari ina wasomaji anakuja kwa adabu tofauti. Na ukiwa na nguvu ya kuweka sharti hata moja tu, weka lile lile lake, skripti naandika mimi.

Mdau wa Temeke:
Kaka nimekuelewa sasa, na pole kwa lililokukuta, hiyo ya mtoto mgongoni imenisimamisha nywele. Hebu tuonyeshe basi unachoandika saa hii, hofu ya Dar bila mganga inakaaje?

Mleta uzi:
Naweka mwanzo tu.

Nyumba ya kupanga, vyumba sita, uani kuna bomba na choo kimoja. Mita ya LUKU ni moja wanachangia. Kila wiki kuna ugomvi, nani anapiga pasi usiku, nani kaficha jiko la umeme, mnaijua hii. Mpangaji mpya ni dada anafanya kazi kiwandani zamu ya usiku, wiki hii yuko likizo. Idi imefika wapangaji wote wamesafiri, kabaki peke yake. Anazima kila kitu, anachomoa mpaka chaja, anataka kuwaonyesha wenzake wakirudi kwamba yeye sio mlaji wa umeme. Kabla ya kulala anaangalia mita, uniti 14.2. Anaandika kwa kalamu kwenye kiganja.

Saa 9 usiku mita inaanza kulia. Tii, tii, tii. Taa nyekundu. Anatoka na tochi ya simu, anaangalia, uniti 1.6. Anaangalia kiganja chake. Nyumba nzima giza, kimya, bomba linadondosha. Halafu anaona chini ya mlango wa chumba namba 4, kile ambacho mwenye nyumba anasema ni stoo, kuna mstari wa mwanga. Na ule mwanga unakatwa katikati na vivuli viwili, kama vya miguu ya mtu aliyesimama karibu na mlango anasikiliza. Mita inakata. Mstari unazimika nao.

Mzee wa Buguruni:
Mwanangu hapo umeweka kinu nyuma ya mlango. Endelea kuandika.

Dada wa Kigamboni:
Jamani! Kaka chumba namba 4 kuna nani?

Mleta uzi:
Ahsante mzee wangu.

Dada, mwisho nimeuandika mara tatu na kufuta mara tatu, mara ya kwanza nilijikuta namweka jini, nikafuta. Ninachojua kwa uhakika ni kwamba kufuli liko kwa nje na ufunguo anao mama mwenye nyumba, mama mzuri tu, anasalimia watoto wote kwa majina. Kila siku jioni anapita uani na sahani imefunikwa kawa, kila mpangaji anaona na hakuna anayeuliza, na akitoka mle ndani ile kawa anaibeba kwa mkono mmoja.